Kabla ya kushika njia ya Salalah, pimeni mwanya wa plagi

Msimu wa Kharif ukikaribia, familia nyingi za Muscat huanza kutayarisha safari ya Salalah. Njia ni kama kilomita 1,000, na sehemu kubwa ni jangwa. Watu hukagua tairi, oili na AC. Plagi aghlabu husahauliwa, kumbe mwanya wake mdogo ndio unaoweza kukulazeni njiani.

Betri ya gari ina volti 12 tu, na hizo hazitoshi kurusha cheche. Kazi hiyo ni ya koili. Ndani yake mna nyaya mbili zilizozungushwa, moja mizunguko michache, ya pili maelfu. Umeme wa waya wa kwanza ukikatwa ghafla, waya wa pili hutoa maelfu ya volti, nazo huruka kwenye mwanya wa plagi na kuwasha petroli.

Sasa, mwanya uwe kiasi gani? Hewa ya kawaida hutaka takriban volti 3,000 kwa kila milimita. Ndani ya silinda hewa imeshindiliwa, kwa hivyo hutaka zaidi.

Mwanya mpana hutoa cheche ndefu inayowasha mafuta vizuri, lakini koili huelemewa. Ikishindwa, gari inamisi, khasa ukikanyaga mafuta kupita lori au kupanda mlima. Ikiendelea hivyo, koili yenyewe huweza kuungua. Mwanya ukibana mno, cheche huruka kwa wepesi lakini ni dhaifu, na injini hutetema ukisimama kwenye taa.

Gari nyingi hutumia baina ya milimita 0.7 na 1.1. Zenye tabo aghlabu hutaka mwanya mdogo zaidi. Nambari ya gari yako imo kwenye kitabu chake, usikubali kukisiwa. Hata plagi mpya ipimwe, maana aina moja huweza kuingia kwenye injini tofauti. Zile za iridiamu zina ncha nyembamba, basi fundi asiibinye ncha hiyo wala kuikwangua.

Plagi ikilika, mwanya hupanuka wenyewe. Ndiyo maana gari iliyokuwa haina neno huanza kumisi. Taa ya injini ikiwakawaka njiani, punguza mwendo na utafute pahala pa salama usimame. Petroli isiyoungua huingia kwenye ekzosi na kuharibu kisafisha moshi, na bei ya hicho inapita mbali seti nzima ya plagi.