Sarufi ya Maumivu: Kiswahili katika Tathmini ya Kisaikolojia na Kijamii ya Wagonjwa wa Akili

1.0 Utangulizi

Muuguzi wa wodi ya upasuaji ana kipimajoto na mashine ya kupimia shinikizo la damu. Muuguzi wa afya ya akili navyo anavyo, lakini sehemu kubwa ya kipimo chake ni maneno: yale anayoyauliza na yale anayojibiwa. Tathmini ya kisaikolojia na kijamii humtaka afahamu jinsi mgonjwa anavyojihisi, anaishi na nani, anakula kwa nani, amefiwa na nani, anaueleza vipi ugonjwa wake, na kama yumo katika hatari ya kujidhuru au kuwadhuru wengine. Misingi ya kazi hii si mipya. Mwaka 1952 Hildegard Peplau aliuweka uhusiano baina ya muuguzi na mgonjwa kuwa kiini cha uuguzi, na mwaka 1977 George Engel akadai kwamba ugonjwa hauelezeki kwa biolojia peke yake bila ya kuitazama nafsi na jamii.

Wataalamu hao wawili waliandika Marekani, ambako kwa kawaida lugha ya mgonjwa, ya mafunzo na ya faili ilikuwa moja. Nchini Tanzania mgonjwa husema Kiswahili, muuguzi amefundishwa kwa Kiingereza, na mara nyingi faili huandikwa kwa Kiingereza. Kila jibu basi husafiri kutoka lugha moja hadi nyingine ndani ya dakika chache, bila mfasiri na bila mhariri. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kinachopotea zaidi katika safari hiyo si msamiati, kama inavyodhaniwa, bali ni sarufi.

2.0 Salamu na nafasi ya msemaji

Tathmini huanza kwa salamu, na makosa huanzia hapo hapo. "Hujambo?" hujibiwa "Sijambo", na "Habari za leo?" hujibiwa "Nzuri" au "Salama", hata na mtu aliyelazwa. Jibu hilo ni la adabu, wala si taarifa ya afya. Habari yenyewe huja baadaye, ikitanguliwa na "ila" au "lakini": "Nzuri, ila usiku..." Muuguzi mwenye haraka ambaye amekwisha kuandika kwamba mgonjwa hana malalamiko ameandika salamu, hakuandika hali.

Salamu hupanga pia vyeo. Muuguzi wa miaka 25 humwamkia mzee wa miaka 60 "Shikamoo", naye huitikiwa "Marahaba". Kwa maneno hayo mawili mdogo na mkubwa wamekwisha kuwekwa mahali pao; kisha fomu inamtaka mdogo amwulize mkubwa habari za pombe, za deni na za chumbani. Lugha haikumwacha mikono mitupu. Neno "unyumba", kwa mfano, lina stara ndani yake, na mama wa makamo anayeitwa kwa jina la mwanawe hujibu kwa wepesi zaidi kuliko yule anayeitwa kwa jina lililoandikwa juu ya faili.

Jamaa aliyemleta mgonjwa naye atasema, "Mimi ni ndugu yake." Huenda ni mtoto wa baba mkubwa, au mtu wa kijiji kimoja, au mwumini mwenzake. Fomu inayotaka neno moja itamwandika kuwa kaka, na swali lenye maana, yaani nani atamnunulia dawa na kumpeleka kliniki atakapotoka wodini, litabaki bila jibu.

3.0 Umbo la swali

Katika Kiswahili, "ndiyo" huithibitisha kauli ya muulizaji kama ilivyo. Mgonjwa akiulizwa "Hulali usiku?" akajibu "Ndiyo", mara nyingi maana yake ni kwamba halali. Anayelifasiri jibu hilo papo hapo kwa kufuata desturi ya Kiingereza huandika kinyume chake. Kosa hili ni dogo likitazamwa peke yake, lakini hojaji za ndiyo na hapana hujumlisha majibu, na jumla hiyo ndiyo inayoamua kama mtu ataonwa na daktari au atarudishwa nyumbani.

Kitenzi "kusikia" kina hatari ya namna yake. Mtu husikia sauti, husikia harufu, husikia njaa na husikia baridi. Swali "Je, unasikia sauti?" haliulizi lolote kuhusu maono ya uwongo, mwenye masikio mazima atakubali. Swali lenye kufaa huwa refu kidogo: kama husikia watu wakisema naye hali wenzake waliopo hawawasikii. Hata hapo kazi haijaisha. Katika pwani, ambako ngoma ya pepo inafahamika, pepo aliyesema na mtu ndani ya ngoma, mbele ya watu waliomtarajia, si sawa na sauti inayomfuata mtu sokoni ikimtukana. Ni jamaa wa mgonjwa wanaoweza kumweleza muuguzi lipi kati ya hayo limewashangaza.

Na kuna suala la saa. Mgonjwa husema, "Naamka saa tisa, silali tena." Kuamka mapema mno ni dalili inayojulikana ya sonona. Tarakimu 9 ikiingizwa kwenye faili la Kiingereza bila ya kubadilishwa, anayesoma huona saa tatu ya Waswahili, na dalili yote inatoweka kwa tofauti ya saa sita.

4.0 Mtenda na mtendwa

Kiswahili hueleza hali nyingi za nafsi kwa kauli ya kutendwa: mtu huingiwa na hofu, hushikwa na huzuni, hupatwa na wasiwasi, hupandwa na pepo, hurukwa na akili. Katika sentensi hizi mgonjwa ndiye kiima, lakini siye mtenda. Mtenda huletwa na "na". Ikifasiriwa kwamba mgonjwa "ana hofu", mtenda ameondolewa, na pamoja naye imeondoka nadharia nzima ya mgonjwa kuhusu chanzo cha maradhi yake. Swali "Umeingiwa na nini?" huirudisha.

Kauli "Nimerogwa" ni mfano bora zaidi, kwa kuwa mtenda amefichwa. Muuguzi hatakiwi kuhukumu kama uchawi upo au haupo. Akiuliza kwa upole "Na nani?", aghalabu atasikia habari ya shamba lililogombewa, ya mke mwenza, au ya urithi, na hiyo ndiyo sehemu ya kijamii ya tathmini, iliyokuwa imefungwa ndani ya kitenzi kimoja. Msamiati wenyewe una kumbukumbu ya mawazo haya: "wazimu" na "mzimu" ni wa shina moja, na "majununi" limetoka katika Kiarabu, likiwa na jini ndani yake.

Viungo navyo husema. "Moyo unaniuma" huweza kuwa ugonjwa wa moyo, huweza kuwa msiba, na muuguzi hana ruhusa ya kukisia. Ni wajibu kuchunguza yote mawili. "Ana mawazo" si sifa ya mwanafalsafa, bali ni habari ya mtu aliyelemewa. Washona wa Zimbabwe wana neno "kufungisisa", yaani kufikiri kupita kiasi, ambalo mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili uliliorodhesha katika toleo lake la tano la mwaka 2013. (Mswahili hulisikia neno hilo kama kufunga kwa kufuli, na picha hiyo haiko mbali sana na jambo lenyewe.)

5.0 Hojaji zilizotafsiriwa na hojaji za nyumbani

Hojaji ya Shirika la Afya Duniani yenye maswali 20 imetumika sana katika nchi zinazoendelea, na orodha ya dalili ya Hopkins yenye vipengee 25 ilijaribiwa kwa Kiswahili miongoni mwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI jijini Dar es Salaam, matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Njia ya pili ni kuanza na maneno ya wagonjwa wenyewe. Hivyo ndivyo ilivyoundwa hojaji ya Kishona yenye maswali 14 iliyochapishwa mwaka 1997, na mwaka 2008 Kaaya na wenzake walichapisha matokeo ya hojaji ya Dar es Salaam yenye vipengee 19. Njia hii ya pili ina gharama na huchukua muda, lakini ndiyo inayostahili kuwavuta wanaisimu, kwa sababu inahitaji watu wanaojua tofauti ya "mawazo hunijia" na "mawazo yamenijia": kauli ya kwanza inaeleza mazoea, ya pili inaeleza tukio.

6.0 Mofimu -nge- na hatari ya kujiua

Mfano ufuatao ni wa kubuni, ingawa sentensi za namna hii ni za kawaida. Mama mmoja anaulizwa kama amewahi kufikiria kujiua. Anasema, "Hapana. Ila kama si watoto hawa, ningekuwa nimeshaondoka." Faili linaandikwa kwamba amekana.

Sentensi hiyo haikukana kitu. "-nge-" inaonyesha kwamba wazo lipo na halijatimizwa. "Nimesha-" inaonyesha kwamba, lau kizuizi kisingekuwapo, jambo lingekuwa limekwisha. "Kama si watoto hawa" inakitaja kizuizi chenyewe. Kitenzi "kuondoka" ni stara, na kina maana mbili: huenda mama anasema juu ya kufa, huenda anasema juu ya kuivunja ndoa. Swali moja, "Kuondoka kwenda wapi, mama?", hutenganisha maana hizo, na inafahamika kwamba kumwuliza mtu waziwazi habari za kujiua hakumtii wazo hilo kichwani.

Ngazi za hatari nazo zimo katika sarufi. Anayesema "Mungu anichukue" amemwachia Mungu utendaji. Anayetamka "-ji-", mtenda na mtendwa wakawa mtu mmoja, amepiga hatua, na muuguzi hana budi kuuliza njia na siku. Woga wa sheria umewafundisha wengi kukwepa kiambishi hicho. Nchini Kenya jaribio la kujiua lilikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mtu anayeogopa kwamba maneno yake yatafika kituo cha polisi atajificha nyuma ya "-nge-".

Jamaa wenye nia njema huweza kusema kwamba watoto wamepelekwa kwa bibi yao ili mama apumzike. Kwa aliyeandika kwamba mgonjwa amekana, hiyo ni habari njema. Kwa aliyeinakili sentensi nzima kwa Kiswahili, ndani ya alama za mtajo, kabla ya muhtasari wake wa Kiingereza, sharti lililokuwa likimshikilia mama huyo limeondolewa. Muuguzi wa zamu ya usiku anayeisoma sentensi hiyo atajua kwamba swali la kwanza la kuuliza ni watoto wako wapi leo.