Vitabu Kumi na Kimoja vya Dada Daktari

Mpenzi msomaji, kabla hujatoa pesa za babako kununua kitabu kingine cha kudurusu, hebu keti nami kidogo.

Kwetu kuna meza moja tu ya kusomea, na tangu mwezi wa Januari nimekuwa nikiigawana na binti ya shangazi yangu. Mimi humwita dada. Yeye ni daktari kamili, amefuzu hapa hapa Kenya na kumaliza mwaka wake wa mafunzo ya kazi hospitalini. Sasa anataka kwenda Marekani kusomea magonjwa ya watoto. Huko, hata uwe umetibu watu elfu, hawakupokei mpaka ufanye mitihani yao ya leseni iitwayo USMLE. Ina hatua tatu. Hatua ya kwanza, ambayo ndiyo inayomnyima dada usingizi, hupima sayansi za msingi: jinsi mwili ufanyavyo kazi, jinsi uharibikavyo, na jinsi dawa ziutendeavyo. Hufanywa kwa siku moja mbele ya kompyuta, kwa muda wa saa nane pamoja na mapumziko, na maswali hayazidi 280.

Tangu Januari 2022 hatua hiyo haitolewi alama tena, ni kupita au kuanguka basi. Usidhani hiyo ni nafuu. Ada yake kwa daktari aliyesomea nje ni zaidi ya dola 1,000, na ukianguka hurudishiwi hata senti. Ukianguka mara nne, mlango umefungwa. Shangazi aliuza ng'ombe wawili ili ada hiyo ipatikane, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akitupa maziwa ya chai. Kwa hiyo mkisikia naandika juu ya vitabu kwa uchungu, mjue sababu.

Kosa la dada lilikuwa moja. Kila aliyekutana naye alimtajia kitabu, naye akakitafuta. Vingine alinunua, vingine akaazima, vingine akatoa nakala dukani. Vikafika kumi na kimoja! Alivisoma miezi mitatu, kalamu za rangi mkononi, kurasa zikawa za manjano kama shamba la alizeti. Kisha akajipima kwa mtihani wa majaribio. Alama zikaonyesha kwamba angeanguka. Alilia usiku ule, nami nikajifanya nasoma Jiografia.

Kesho yake akaviteremsha vyote sakafuni akaanza kuvichambua, na hapo ndipo nilipopata somo langu. Kumbe vitabu hivyo havikuwa vya aina moja. Vingine vilikuwa vitabu vya kiada, kama kile cha Guyton cha fiziolojia au cha Robbins cha patholojia, vyenye kurasa zaidi ya 1,000. Hivyo hukueleza jambo tangu mzizi. Ukiviacha mpaka miezi mitatu ya mwisho na kutaka kuvimaliza vyote, umechelewa.

Vingine ni muhtasari. Kinachojulikana kuliko vyote ni First Aid for the USMLE Step 1, ambacho hutolewa toleo jipya kila mwaka. Nilikifungua nikashangaa. Hakuna maelezo! Ni majedwali, picha na mistari mifupi mifupi. Dada akaniambia, “Kijana, hiki si cha kukufundisha. Hiki ni cha kukukumbusha uliyofundishwa. Usilolijua, hapa hutalielewa.” Nilichokipenda mimi ni mambo mawili: mwishoni kina sura inayovipima vitabu vya wengine na kuvipa gredi kufuatana na maoni ya wanafunzi, na waandishi wake hutangaza orodha ya makosa yaliyopatikana katika kitabu chao wenyewe. Ni vitabu vingapi vya kudurusu hapa kwetu vyenye ujasiri huo?

Halafu kuna hazina za maswali. Dada hutumia ile ya UWorld, yenye maswali zaidi ya 3,000, na kila jibu lina maelezo, hata yale majibu yasiyo sahihi huelezwa kwa nini si sahihi. Hapa lazima nitoe mfano, manake bila mfano mtadhani ni sifa tupu. Chukua ugonjwa wa selimundu. Muhtasari utakuambia kwa mstari mmoja kwamba katika himoglobini asidi ya glutamiki imeondolewa na valini ikakaa mahali pake. Ukikariri hivyo unajiona umeshaiva. Sasa swali la mtihani linakuja hivi: mtoto wa miaka mitano ameletwa ana homa kali, amekuwa akiumwa na mifupa mara kwa mara, damu yake ni haba, je, ni bakteria wa aina gani wanaomhatarisha zaidi? Neno selimundu halikutajwa popote. Ni lazima kwanza uutambue ugonjwa, kisha ukumbuke kwamba seli zile zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo ya wengu mpaka wengu likafa, kisha ujue kwamba wengu ndilo huwakamata bakteria wenye gamba la nje, kama wale wa nimonia. Hatua tatu kwa swali moja. Kalamu ya manjano haikufundishi kupiga hatua hizo.

Jambo hili limepimwa. Mwaka wa 2006 Roediger na Karpicke, wataalamu wa saikolojia huko Marekani, waliwapa wanafunzi habari fulani. Kundi moja liliisoma mara nne. Jingine liliisoma mara moja kisha likajipima mara tatu. Baada ya dakika tano wale wa kusoma tu walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, wale wengine 40. Na waliosoma tu ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka! Nilipoambiwa hayo nilijiona mimi mwenyewe.

Nami nina aibu yangu. Muhula wa kwanza nilinunua kitabu cha Kemia cha kudurusu mjini, kwa sababu jalada lake liling'aa na bei yake ilikuwa ya kuvutia. Sikutazama mwaka wala mchapishaji. Ndani yake jibu la swali moja lilisema gramu 4 za hidroksidi ya sodiamu ni moli 1. Mimi nilikuwa nimepata 0.1. Nikafuta langu nikafuata la kitabu, na katika mtihani nikakokotoa vivyo hivyo. Mwalimu aliweka kalamu nyekundu ya kutosha. Siku hizi kabla ya kununua natafuta kwanza swali ninalolijua vizuri na kutazama jibu lake hapo hapo dukani, muuzaji anune asinune.

Kuna wale watakaoniuliza, “Na zile karatasi za siri je?” Si mnajua kila Novemba wauzaji wa mwakenya huzuka. Hata huko kwa madaktari wapo. Januari 2024 wasimamizi wa USMLE walibatilisha matokeo ya watahiniwa waliohusishwa na nchi ya Nepal, baada ya kuona mwenendo wa majibu usio wa kawaida. Dada alinisomea habari ile kisha akanyamaza kwa muda mrefu, akiwafikiria nadhani wale ng'ombe.

Sasa mezani ana vitu viwili tu, muhtasari mmoja na hazina moja ya maswali, pamoja na kadi za maswali katika programu ya bure iitwayo Anki, ambayo humrudishia kwa haraka yale anayoyakosa na kuyakawiza anayoyajua. Kila jioni maswali arobaini, kisha saa mbili za kusoma kwa nini alikosa. Mtihani wa majaribio wa pili alipita, kwa nafasi ndogo. Wa kweli ni mwezi wa Septemba.

Vile vitabu vingine vingali chini ya kitanda. Nyanya alivitoa viwili, vya kurasa 1,000 kila kimoja, akainulia mguu wa kabati, na asema tangu siku hiyo kabati halijayumba tena.