Bao Moja kwa Shilingi 17

Ubao mweusi ulioegemezwa mlangoni mwa ukumbi wa mpira hausemi mengi: timu mbili, saa, na bei. Mechi kubwa 50, ndogo 30, ukija na mtoto mtaelewana. Ndani kuna mabenchi, runinga moja au mbili, na maoni. Kumbi za namna hii ziko Mwingi, Mutomo, Wote, Kibwezi na karibu kila soko lenye stima au paneli za sola katika kaunti za Kitui na Makueni. Maoni yanayotolewa humo kuhusu timu, wachezaji na mifumo ya makocha huhesabiwa kuwa ya bure. Yana bei, na bei hiyo inapigika hesabu.

Tuanze na kiingilio cha shilingi 50. Timu ya Ligi Kuu ya Uingereza hucheza mechi 38 kwa msimu, hivyo shabiki asiyekosa hata moja hulipa shilingi 1,900. Ndengu zikiwa shilingi 100 kwa kilo, hizo ni kilo 19, yaani moja ya tano ya gunia la kilo 90. Kwa kibarua anayelipwa 400 kwa siku, ni karibu siku tano za jembe. Bei hizi tatu ni makadirio yangu ya kufanyia hesabu. Anayelipa 30 mlangoni, au aliyeuza ndengu zake kwa 70, abadilishe tarakimu na kuendelea.

Hoja inayosikika kila msimu ni kwamba ingekuwa nafuu kununua king'amuzi na kutazamia nyumbani. Kifurushi chenye ligi hiyo tukikiweka kwenye shilingi 4,000 kwa mwezi, miezi kumi ya msimu ni 40,000. Fedha hizo zingelipia viingilio 800 vya ukumbini, ilhali ligi nzima ina mechi 380 tu. Mwenye king'amuzi atasema, kwa haki, kwamba hatazami mpira peke yake, kuna habari na filamu za watoto. Basi mpira tuutoze nusu tu. Shilingi 20,000 bado ni sawa na mechi 400. Kwa mtazamaji mmoja hesabu haikubali hata akitazama kila mechi ya kila timu, na hakuna mke au mwajiri atakayeivumilia ratiba hiyo.

Sasa tugawe bei hiyo kwa kile anachokijia shabiki. Msimu wa 2024–25 ulitoa mabao 1,115 katika mechi 380, wastani wa mabao 2.93 kwa mechi. Kwa kiingilio cha 50, kila bao lilimgharimu mtazamaji shilingi 17, liwe la timu yake au la adui.

Anayehesabu ya kwake tu hulipa zaidi, na wote hawalipi sawa. Liverpool, waliotwaa ubingwa, walifunga 86, hivyo shabiki wao alilipa shilingi 22 kwa kila mara aliyoinuka kwenye benchi. Wa Arsenal, kwa mabao 69, alilipa 27 na senti hamsini. Wa Manchester United, kwa mabao 44, alilipa 43. Kiingilio ni kile kile na ukumbi ni ule ule, lakini furaha ya mmoja ina bei karibu mara mbili ya furaha ya jirani yake.

Shabiki huyo wa United ndiye mwenye maoni mengi kuliko wote, na ana sababu. Timu yake ilimaliza ya 15 kwa pointi 42. Kauli yake kuu msimu ule ilikuwa hii: mfumo wa mabeki watatu ulioletwa na Ruben Amorim mwezi Novemba 2024 ndio uliowamaliza. Hebu tuipime. Kabla ya Amorim kuanza kazi, United walikuwa wamecheza mechi 11 za ligi, tisa chini ya Erik ten Hag na mbili chini ya Ruud van Nistelrooy, na kupata pointi 15. Huo ni wastani wa 1.36 kwa mechi. Chini ya Amorim walicheza mechi 27 na kupata pointi 27, wastani wa 1.00 kamili. Ukizinyoosha kwa msimu mzima, kasi ya kwanza ingetoa pointi 52 na ya pili 38. Juu juu, shabiki ameshinda kesi.

Lakini pointi 15 hizo zilipatikanaje? Kulikuwa na ushindi mara nne. Southampton na Leicester walifungwa 3–0 kila mmoja, na hapo hakuna mjadala. Fulham walifungwa 1–0, kwa bao la Joshua Zirkzee la dakika ya 87. Brentford walifungwa 2–1. Ondoa bao moja la United katika kila moja ya mechi hizi mbili za mwisho, ziwe sare. Pointi nne zinapungua, zinabaki 11 katika mechi 11, wastani wa 1.00. Tofauti kati ya mfumo wa zamani na mpya haipungui tu, inafutika yote. Hukumu iliyotolewa kwa sauti kuu ukumbini ilikuwa imesimama juu ya mabao mawili, ambayo kwa bei yetu ni shilingi 34.

Hilo halimaanishi kwamba Amorim alikuwa sahihi. Timu yake ilikuwa pia inasaka Kombe la Europa, ambalo fainali yake huko Bilbao ilipotea 1–0 mbele ya Tottenham, na kocha mwenye mechi ya nusu fainali Alhamisi hapangi kikosi kile kile Jumapili. Ushahidi haukutosha upande wowote. Kilichokuwa wazi zaidi katika takwimu hakikusemwa sana: kati ya msimu wa 2023–24 na uliofuata, mabao ya kufunga yalishuka kutoka 57 hadi 44, huku ya kufungwa yakipungua kutoka 58 hadi 54. Aliyelaumu mabeki alikuwa analaumu upande uliopata nafuu kidogo. Ila nafuu yenyewe ni mabao manne katika msimu mzima, na tumeshaona mabao mawili yanavyoweza kufanya.

Upande wa Arsenal kuna kauli ya watani: toa kona, hawana kitu. Msimu wa 2023–24 Arsenal walifunga mabao 91, na 16 kati yake yalitokana na kona, karibu asilimia 18. Yatoe, yanabaki 75. Kwa idadi hiyo wangeshuka kutoka nafasi ya pili kwa ufungaji hadi ya sita, nyuma ya Manchester City, Liverpool, Newcastle, Chelsea na Aston Villa, na juu ya Tottenham kwa bao moja tu. Watani wanashangilia mapema. Hesabu hii imewanyang'anya Arsenal kona zao na kuwaachia wengine za kwao. Ukizitoa za wote, pengo linapungua. Tena bao la kona huhesabiwa moja, sawa na la mbio za mita 60.

Udhaifu wa maoni haya yote una chanzo kimoja: mabao ni machache. Ili kuona uchache wake, tulinganishe na mpira wa Kiaustralia. Huko timu huwa na wachezaji 18 uwanjani, na kila upande una nguzo nne. Mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya mbili za katikati ni goli, pointi 6. Ukipita pembeni, kati ya nguzo kubwa na ndogo, ni pointi 1. Katika fainali ya ligi yao ya 2025, Brisbane Lions walipata magoli 18 na pointi za pembeni 14, jumla 122. Geelong walipata magoli 11 na za pembeni 9, jumla 75.

Jumlisha matukio: 18 na 14 na 11 na 9 ni 52 katika mchezo mmoja. Shabiki wa Wote akitafuta mara 52 za mpira kutinga wavuni katika Ligi ya Uingereza, kwa wastani wa 2.93, atahitaji karibu mechi 18, yaani shilingi 890 hivi. Anaweza kupinga kwamba pointi ya pembeni ni kama kukosa kwenye heshima, na hapo ana hoja. Tuhesabu magoli kamili 29 peke yake: bado ni mechi kumi, shilingi 500. Mwaustralia anayesema mfumo wa kocha wake haufai ana ushahidi wa kutosha kwa alasiri moja. Wetu anahitaji miezi miwili na nusu ya wikendi, akitazama mechi moja kila wikendi.

Timu ya taifa inatoa mfano mkali zaidi. Katika michuano ya CHAN ya Agosti 2025, Harambee Stars ya Benni McCarthy ilicheza mechi tano: 1–0 dhidi ya DR Kongo, 1–1 na Angola, 1–0 dhidi ya Morocco, 1–0 dhidi ya Zambia, kisha 1–1 na Madagascar na kutolewa kwa penalti. Bao moja kila mechi, bila kuzidi wala kupungua. Wapo waliosema Stars hawajui kufunga, na wapo waliosema ngome yao ni ya chuma kwa kufungwa mawili tu. Wote walisoma orodha ile ile ya mabao saba. Aliyetaka kuyaona Kasarani kutoka Kitui mjini, tukiweka nauli ya kwenda na kurudi 1,000, tiketi 200 na chakula na matatu ya mjini 300, alitumia 1,500 kwa mechi moja. Ni viingilio 30 vya ukumbini.

Maoni huwa ghali kweli yanapowekewa dau. Chukua odi za mfano: nyumbani 2.10, sare 3.30, ugenini 3.50. Ukigawa moja kwa kila odi na kujumlisha unapata 1.065, na hicho kinachozidi moja ndicho kivuno cha kampuni. Kwa kila shilingi 100 zinazowekwa, wastani wa 93.90 hurudi kwa wachezaji. Tangu Julai 2025 kuna pia ushuru wa asilimia 5 unapoweka fedha kwenye akaunti ya kamari, na kodi ya asilimia 5 unapozitoa. Shilingi 100 zinaingia 95, mchezo unazifanya 89.20, na kutoka zinakuwa 84.70. Anayeweka 100 kwa kila moja ya mechi 38 za timu yake hupoteza kwa wastani karibu 580, pungufu ya theluthi moja ya kile alicholipa mlangoni. Akizidisha mechi tano kwenye tiketi moja, kivuno kinakatwa mara tano: 100 zinarudi 66, na hasara ya msimu inafika karibu 1,300.

Jackpoti ya mechi 17 ina hesabu yake. Anayejua mpira kiasi cha kupatia mechi moja kati ya mbili ana nafasi moja katika 131,072. Anayepatia asilimia 40 ana moja katika milioni 5.8. Pengo la ujuzi ni asilimia kumi tu, lakini nafasi inatofautiana mara 44. Kila mchezaji hujiweka kwenye asilimia 50. Mechi, hata hivyo, huchaguliwa na kampuni, na kampuni haina sababu ya kuchagua zile ambazo mshindi anajulikana.

Turudi kwenye viingilio, tupime ukubwa wake: sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni, jumla 2,123,840. Kama mtu mmoja kati ya mia anaingia ukumbini mara 38 kwa msimu, ni shilingi milioni 40. Kama ni watatu, ni milioni 121. Hiyo "mmoja kati ya mia" haina sensa nyuma yake, na jibu linapanda na kushuka nayo. Lakini hata ile ya juu haifiki asilimia moja ya mgao wa serikali kuu kwa kaunti hizi mbili mwaka wa 2022/23, uliokuwa takriban bilioni 10.4 na bilioni 8.1. Wanaosema mpira wa Uingereza unakausha fedha za Ukambani waangalie pia fedha hizo zinaishia wapi.

Sehemu kubwa haivuki hata barabara. Ukumbi wenye mechi 12 kwa mwezi, ukilipa kifurushi 4,000, kodi ya chumba 5,000, stima 1,500 na kijana wa mlangoni 3,000, una matumizi ya 13,500. Kwa wastani wa watu 40 unaingiza 24,000 na mwenyewe anabaki na 10,500. Kwa wastani wa 20 anaingiza 12,000 na kudaiwa 1,500. Kifurushi hapo nimekiweka kwa bei ya nyumbani. Leseni ya kuonyesha kibiashara ingepandisha kiwango, na si kila mwenye ukumbi huiulizia.

Juni na Julai ligi imelala lakini kodi ya chumba haijalala. Kombe la Dunia la 2026, lenye mechi 104, linaziba pengo hilo kwenye karatasi, ila linachezwa Amerika Kaskazini, na mechi nyingi zinaangukia usiku wa manane kwa saa za Kenya. Mwenye ukumbi anahitaji viingilio 270 kwa mwezi ili asidaiwe: mechi 12 za watu 23, au mechi 27 za watu kumi wasio na usingizi.