Baridi ya Juni: Jiko la Mkaa Lisilale na Watoto Wetu

Mama mpendwa, wewe unayeishi Tunduma, Vwawa au kule milimani Ileje unaijua baridi ya Juni hadi Agosti. Jioni ikiingia, wengi wetu hufanya tulilozoea: jiko la mkaa huingizwa chumbani, mlango hufungwa na dirisha huzibwa kwa kitenge.

Asubuhi moja ya Julai tulimpokea hospitalini mama aliyelala na jiko, yeye na wanawe wawili. Mama aliumwa kichwa na kutapika. Mdogo hakuzinduka mpaka alipopewa oksijeni. Tunamshukuru Mungu, wote walipona.

"Lakini mkaa ulikuwa hautoi moshi," mama alituambia. Hapo ndipo penye hatari. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na chumba kikifungwa gesi hiyo hujaa humo. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mwili hukosa oksijeni, na aliyelala haamki kujiokoa. Kwa mjamzito, hata mtoto aliye tumboni hudhurika.

Je, tukae na baridi? La! Tujifunze kulitunza joto tulilo nalo bure.

Kwanza, jua. Kuta za matofali ya kuchoma hupokea joto mchana na kulitoa usiku. Asubuhi fungua mapazia jua liingie; saa kumi jioni funga madirisha.

Pili, dari. Joto hupanda juu, na bati hulipoteza upesi. Nyumba isiyo na dari ni kama chungu kisicho na kifuniko. Fedha isipotosha, anzeni na chumba cha watoto. Fedha ya mkaa huishia majivuni, lakini dari hubaki miaka mingi.

Tatu, ziba upenyo chini ya mlango kwa kitambaa kilichokunjwa, na tandika mkeka juu ya saruji. Ila matundu ya hewa ya juu yaache wazi, maana chumba kisichopitisha hewa hueneza mafua na kifua kikuu.

Nne, makaa yanayobaki baada ya kupika yapashe maji huko huko jikoni. Yatie kwenye chupa imara, uifunge sawasawa, uizungushie taulo na kuiweka kitandani nusu saa. Iondoe kabla ya kumlaza mtoto, asiungue.

Mtoto njiti mkumbatie kifuani, ngozi kwa ngozi, akiwa na kofia na soksi, kisha mjifunike pamoja. Njia hii ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa sababu mashine za kuwatunzia watoto njiti hazikutosha. Leo hata hospitali zetu huitumia. Haili mkaa wala umeme.

Ukitaka kuota moto, ota barazani, kisha jiko libaki nje. Ukimkuta mtu amezidiwa chumbani penye jiko, fungua mlango, mtoe nje upesi na umpeleke hospitali, hata kama amezinduka.

Usiku wa leo, mama, kabla ya kuwaita watoto kwenye sala, hebu tazama: jiko liko wapi?