Kamba Inapobana Mkono au Mguu

Kamba iliyokazwa mkononi au mguuni hubana mishipa ya damu na mishipa ya fahamu kwa pamoja. Damu ikizuiwa, jicho huona: kiungo hubadilika rangi, huvimba, kisha hupoa. Madaktari wa upasuaji wanaofunga mkanda wa kuzuia damu hujitahidi wasizidishe saa 2. Kufikia saa 6, misuli mingi huwa imeshakufa.

Mishipa ya fahamu huumia kimyakimya, na mara nyingi mapema zaidi. Mmojawapo hupita juu ya kiwiko, upande wa nje, umelala juu ya mfupa. Ukibanwa hapo, ganzi huanzia nyuma ya kiganja karibu na kidole gumba, kisha kiganja huning'inia, hakinyanyuki, ilhali vidole vina joto kama kawaida. Ndiyo hatari kubwa ya ufungaji wa Kijapani uitwao shibari, ambao watu wazima huufanya kwa hiari. Wazoefu humtaka aliyefungwa akunje kiganja kwenda nyuma kila mara, na akishindwa, kamba hufunguliwa papo hapo. Nchini Uganda, kandooya, yaani kumfunga mtu viwiko nyuma ya mgongo, yalikuwa mateso yaliyoacha watu na mikono iliyopooza.

Katika vijiji kama Quiterajo, wilayani Macomia nchini Msumbiji, kamba huja na nyoka. Mtu akiumwa na kifutu shambani, mguu hufungwa kwa chochote kilicho karibu: kamba ya mkonge, mpira wa baiskeli, kipande cha kitambaa cha kapulana. Nia ni njema kabisa, lakini sumu ya kifutu hula nyama palepale ilipoingia. Kamba huizuia isisambae, mguu unavimba, na fundo linazidi kukaza bila kuguswa na mtu. Likiwa chini kidogo ya goti, linabana pia mshipa wa fahamu unaoinua wayo.

Shirika la Afya Duniani, lililoweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, linakataza kufunga hivyo. Mgonjwa atulizwe, avuliwe pete na bangili, mguu uegemezwe kwenye ubao usitikisike, apelekwe hospitali. Aliyekwisha kufungwa kwa muda mrefu afunguliwe hukohuko, wahudumu wakiwa tayari, kwani sumu iliyozuiliwa, hasa ya koboko, inaweza kuingia mwilini kwa mkupuo.

Mshipa wa fahamu uliobanwa kidogo hupona kwa wiki kadhaa. Nyuzi zake zikikatika, huota milimita 1 hivi kwa siku.