Ushauri wa kijiweni kuhusu gari: upi ufuate, upi uuache

Huku kwetu Kibaha, kuanzia Tangini mpaka Maili Moja, gari ikisimama pembeni boneti ikafunguliwa, ndani ya dakika tano unakuwa na washauri watano. Kila mmoja ana gari au aliwahi kuwa nayo, na kila mmoja anaongea kwa uhakika. Wengi wana nia njema kabisa. Tatizo ni moja tu: wao wataondoka na ushauri wao, gharama zitabaki kwako. Kwa hiyo leo nataka tuangalie namna ya kuuchuja.

Tuanze na ushauri maarufu kuliko wote: "Toa themostati, hiyo ni ya nchi za baridi, sisi huku joto." Nadhani kila mtu ameshausikia.

Themostati ni kidude kidogo kinachokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi kinafunga, maji yanazunguka ndani ya injini peke yake ili ipate moto haraka. Kwa Toyota nyingi, maji yakifika nyuzi joto 82 hivi ndo kinaanza kufunguka, maji yaende kwenye rejeta yakapoe. Sasa piga hesabu mwenyewe. Hata siku ya jua kali, hapa Kibaha tunaongelea nyuzi 32 au 34. Injini inataka zaidi ya 80. Yaani kwa injini, hata Kibaha ni nchi ya baridi!

Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto. Kompyuta ya gari inaona injini bado ya baridi, inaendelea kuongeza petroli. Gari inakula mafuta, na oili inachafuka mapema kwa sababu unyevu unaoingia humo haupati joto la kuukausha. Na kwenye baadhi ya injini themostati hiyo hiyo ndo inaziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ulitoa ili gari isichemshe, kumbe unaisaidia kuchemsha.

Sasa ushauri huu umetoka wapi? Haukutoka hewani. Themostati ikizeeka inaweza kuganda ikiwa imefunga, na gari inachemsha kweli. Fundi akaitoa, gari ikapona, mwenye gari akatangaza mtaa mzima. Alichokiona ni kweli, ila alichojifunza sicho. Iliyoganda dawa yake ni kuweka mpya. Na kuijua ni rahisi: iweke kwenye sufuria ya maji, chemsha. Isipofunguka, imekufa.

Mfano wa pili ni Toyota IST, gari ambayo imejaa huku kwetu. Mwenye IST akimuuliza mwenzake mwenye IST aweke oili gani kwenye gia boksi, unaona kama kauliza mtu sahihi. Lakini IST za kwanza, za kuanzia 2002, kama NCP60 na NCP61, zina gia boksi ya otomatiki ya kawaida inayotumia oili ya T-IV. IST ya umbo la pili ilitoka 2007, na ile ya NCP110 ina CVT. CVT inatumia mkanda wa chuma unaobanwa kwenye puli mbili, na ina oili yake maalumu inayofanya mkanda ushike bila kuteleza. Ukiweka T-IV humo, mkanda unateleza na kulika, na gia boksi inakwenda. Jina la gari ni moja, ushauri uliomfaa mwenzako unaua gari yako.

Na nyie wa bodaboda msicheke. "Oili ni oili, weka hata ya gari." Pikipiki nyingi, klachi yake inaogelea kwenye oili ile ile ya injini. Baadhi ya oili za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi kazi yake ni msuguano. Matokeo yake injini inanguruma, pikipiki haivuti. Angalia kopo kama limeandikwa JASO MA, hiyo ndo ya pikipiki.

Sisemi tudharau kijiwe. Kijiwe ndo kitakuambia filta ya hewa usiisubirie tarehe ya kitabu kwa vumbi la barabara zetu, na ni kweli. Kijiwe ndo kinakuambia usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, na ni kweli pia: mle ndani maji yako kwenye presha, yatakurukia usoni. Kijiwe kinaijua barabara. Kitabu kinaijua injini. Vyote unavihitaji.

Kwa hiyo mtu akikupa ushauri, muulize maswali matatu. Moja, kwa nini? Anayejua atakueleza kifaa kinafanya nini, asiyejua atakuambia "mbona mimi nilifanya". Mbili, gari yako ni modeli gani hasa? Sio jina, ni namba ya modeli, ipo kwenye kibao ambacho mara nyingi kiko ndani ya boneti au mlangoni kwa dereva. Tatu, tulipimaje? Kama hakuna kilichopimwa, hiyo ni kubahatisha kwa hela yako.

Na kile kitabu cha Kijapani kilichokuja na gari usikitupe. Siku hizi simu inatafsiri maandishi kwa kupiga picha tu. Kurasa za oili na maji ni chache, na kuzisoma ni bure. Gia boksi sio bure.

Naomba kuwasilisha.