Goroli Makaburini: Mchezo Mzuri Uliosahauliwa

Kuna kazi nyingi za ustadi ambazo hutoka, zikapita, na zisipate hata mtu wa kuzisifu. Mojawapo ni mchezo wa video uitwao The Pinball of the Dead, uliotolewa na kampuni ya Sega ya Japani mwaka 2002. Ulitengenezwa kwa ajili ya Game Boy Advance, kile chombo kidogo cha Nintendo kinachoshikwa mkononi. Mimi nimeuona Yamumbi, nje kidogo ya mji wa Eldoret, kwa jamaa yangu aliyeoa huko.

Kwanza, pinboli ni nini? Msomaji aliyezoea keram barazani atafahamu upesi. Ubao wa keram umelala sawa. Wa pinboli umeinama, na goroli ya chuma humporomokea mchezaji. Kazi yake ni kuirudisha juu kwa vibawa viwili kabla haijatumbukia shimoni. Vibawa hivyo vilianza mwaka 1947, katika mashine ya Marekani iliyoitwa Humpty Dumpty. Kabla ya hapo bahati ilishinda ujuzi, na ndiyo maana mji wa New York uliihesabu pinboli kuwa kamari, ukaipiga marufuku mwaka 1942. Marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1976.

Vitisho vya mchezo huu vimetoka katika The House of the Dead, mfululizo wa Sega ulioanza katika miaka ya 1990, ambamo mchezaji hushika bastola ya bandia na kuwapiga maiti wanaotembea. Wenzetu wa Tanzania wangewaita misukule. Hapa bastola imeondoka, na goroli imeshika mahali pake. Meza ni tatu, na moja inaitwa Cemetery, yaani makaburini. Kioo ni kidogo, kwa hiyo picha hupanda na kushuka ikiifuata goroli. Maiti hugongwa wakaanguka, na majitu ya michezo iliyotangulia hutokea, nayo yakapigwa kwa goroli hiyo hiyo.

Kwa nini basi ulisahauliwa? Kwa maoni yangu, wapenda vitisho waliiona pinboli kuwa mchezo wa wazee, na wapenda pinboli hawakuwataka maiti. Tena Sega yenyewe iliacha kutengeneza vyombo vyake mwaka 2001, ikawa inawauzia michezo wale waliokuwa washindani wake. Kadhalika, kioo cha Game Boy Advance ya kwanza hakikuwa na taa. Ajabu iliyoje! Mchezo wa kutisha usioonekana gizani, mpaka mtoto akae dirishani kwenye mwanga.

Na hapo dirishani ndipo bibi mwenye nyumba, mama mkwe wa jamaa yangu, alipomwona mjukuu wake akiufurahia. Hakupendezwa. Yamumbi, msomaji, ni mojawapo ya mahali palipotajwa katika mashtaka ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Bibi huyo alizika watu wake Januari 2008. Aliniuliza kama kwetu Waislamu mtoto huruhusiwa kuchezea maiti.

Nilimwambia kwamba kwetu maiti huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na kuzikwa kwa heshima, na hata kulikalia kaburi lake tumekatazwa. Walakini hawa wa mchezoni, nikasema, ni kama mazimwi ya hadithi. Akanijibu kwamba zimwi halina jina wala shamba, ilhali waliozikwa Yamumbi walikuwa na vyote viwili. Sikuwa na la kuongeza.

Alhasili, waliafikiana kwamba kijana acheze, lakini asicheze mbele ya bibi.

Mimi naona wote wawili wana haki. Waliotengeneza mchezo huu walifanya kazi safi, na sifa yao haipungui. Lakini mchezo ukishatoka dukani huingia katika nyumba za watu, na kila nyumba ina msiba wake. Ukiuona mahali ukiuzwa kwa mkono wa pili, ununue, nawe utaufurahia. Ila kabla hujampa mtoto, tazama kwanza ni nani mwingine anayeketi chumbani humo.